Doti ya Bluu Shambani Kwetu

Wadau, simu hii ninayowaandikia ndiyo iliyomwonyesha mama yangu kaburi la mama yake. Kuna siku natamani isingemwonyesha.

Kwetu ni Sola, Maswa. Macho ya mama yalikuwa yanafunga, presha ya macho, na daktari wa Bariadi alishasema hakuna namna. Mama akawa na ombi moja.

"Ng'wanone Joyness, mwanangu, kabla giza halijanikuta, nione alipolala mama yangu."

Bibi alizikwa ndani ya uzio wa minyaa, nyumbani kwao. Mwaka sabini na nne watu wakahamishiwa vijijini, mama akiwa mtoto mdogo. Akalelewa Kimali kwa shangazi, akarudi Sola kuolewa. Waliolijua kaburi wameshatangulia wote. Yeye alikumbuka minyaa na jiwe jeupe mlangoni, basi.

Mimi nasoma historia chuoni. Tumefundishwa kuchukua picha za zamani zilizopigwa na ndege na kuzilaza juu ya ramani ya setilaiti. Nikasema, isiwe tabu.

Picha ya miaka ya sitini ilijaa maduara ya minyaa. Moja tu lilikuwa na jiwe jeupe mlangoni. Nilirukaruka chumbani kama chizi.

Ila ramani haisemi shamba ni la nani, na mimi sikujiuliza.

Asubuhi nikamshika mama mkono, tukaifuata doti ya bluu kwenye simu. Tukavuka korongo, tukapita kwa mzee Luhende.

"Mbona huku ni kwetu?" mama akauliza.

Nikaitazama tena simu. Doti ikaingia kwenye shamba letu la pamba, alilolinunua marehemu baba likiwa limeshafyekwa. Ikasimama karibu na jiwe lililofubaa, ambalo mama alinolea jembe kila msimu.

Mama akalipapasa lile jiwe. Akageuka, akayatazama matuta.

"Mayu," akaita, kama mtoto anavyomwita mama yake kwa Kisukuma.

Kisha taratibu, "Kumbe miaka yote hii nimekuwa namlima mama yangu."

Nilichoka jamani. Nililia mpaka kwikwi.

Sasa haoni kabisa. Pale tumeacha duara bila kulima, tumepanda minyaa. Asubuhi ananyoosha mkono nimpeleke. Jembe hataki hata kuligusa.

Itafuteni historia ya kwenu, ni vizuri. Ila ukishaipata, usimwachie mzazi wako aibebe peke yake.