Sauti ya Mauti

Kazi yake hasa ilikuwa ushonaji viatu, lakini mtaa mzima ulimwita Mauti. Kila wiki alikwenda redioni kuigiza sauti ya Mauti, akaingiza mdomo kwenye ndoo tupu mbele ya kipaza sauti, na kumwita mhusika mmoja wa mchezo kwa jina. Aliyeitwa hakupona. Watoto walimkimbia huku wakicheka. Mwenye duka alimtania, "Mauti, chukua mkate wako, ila mimi nipitie mwakani." Naye alicheka.

Kisha mjomba wake, aliyemlea tangu utotoni, akalazwa hospitali. Fundi akaenda kumwona.

"Shikamoo, mjomba. Unaendeleaje?"

Wagonjwa wakageuza vichwa kuifuata sauti ile. Mzee wa kitanda cha jirani akajifunika shuka gubigubi. "Wewe si yule wa redioni? Umemfuata nani humu?"

Wagonjwa wakaangua kicheko, mjomba naye akacheka. Kesho yake kitanda cha yule mzee kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Hakuna aliyecheka tena. Hata muuguzi alimpita fundi kwa mbali.

Mjomba akamshika mkono. "Mwanangu, najua ule ni mchezo tu. Lakini usiniite. Nakuomba, usiniite."

Tangu hapo fundi alikaa kando ya kitanda kama bubu. Alimlisha, akamgeuza, akamfuta jasho, midomo kaifumba. Fundi akikohoa tu, mjomba alishtuka, naye akashtuka zaidi. Redioni aliwaambia hataki tena. Hofu ilikuwa imemjaa hata akaamini kwamba yeye akinyamaza, hakuna atakayeitwa.

Mjomba alifariki asubuhi, jua limeshachomoza, bila mtu yeyote kumwita. Fundi alikuwa ameushika mkono wake. Akamfumba macho, bila hata kumwambia kwaheri.

Baada ya maziko alirudi kwenye viatu vyake. Jioni moja, akigonga soli, alisikia redio ya jirani kupitia ukutani. Mchezo ulikuwa unaendelea. Walikuwa wamempata mwingine, mwanamke mwenye sauti ya upole, kama ya shangazi anayekuita uje kula.

Nyundo ikamponyoka. Miaka yote alijua nani ataitwa, kwa kuwa mwitaji alikuwa yeye. Sasa hakujua. Akafunga dirisha, akafunga na mlango, kisha akasimama katikati ya chumba, pumzi kaibana. Ile sauti ilikuwa bado haijataja jina.