Chumvi ya Kumzuia Wifi

Mimi ni mchawi wa jikoni hapa Yorkshire: mdalasini wangu huvuta heri, karafuu zangu hufunga midomo ya wambea. Wifi yangu Doreen alipotangaza kwamba anakuja kukaa nasi majira yote ya baridi, nilimwaga mfuko mzima wa chumvi kwenye ngazi za mlangoni, nikinuia asivuke.

Nilichungulia dirishani. Doreen alikuja akiteleza kwenye barafu, ameng'ang'ania ua wa majirani, mpaka akafika kwetu. Hapo chumvi yangu ilikuwa imeyeyusha barafu yote. Akapanda ngazi kama malkia.

"Kumbe una akili, wifi!" alisema akinikumbatia. "Mtaa mzima ni wewe tu uliyenifikiria. Haya, chumba changu kipi?"

Nikambebea sanduku. Lilikuwa zito sana.