Hadithi za Theluji Mwezi wa Sita

Yule mama nilimchukia, na sioni haya kusema. Alikuwa bosi wetu kwenye chekechea moja mtaa wa Phillips, Minneapolis, huko Marekani, katikati ya miaka ya tisini, mtu wa kukuchekea meno yote nje huku anakuvunja. Mwezi wa sita akaamua tuwe na wiki ya utamaduni. Nusu ya watoto wetu walikuwa Waojibwe, wenyeji wa ardhi ile kabla ya sisi wote, basi akanunua kitabu cha hadithi zao za kale, akanikabidhi niwasomee.

Nilisoma ukurasa mmoja tu. Msichana wa miaka minne akaziba masikio. "Hakuna theluji," akasema. "Bibi anasema hizo ni za wakati wa theluji."

Nilimwelewa palepale. Kwetu Tanga hadithi zilikuwa za usiku. Ukithubutu kusimulia mchana, unaambiwa utaota mkia. Mpaka nimekuwa mtu mzima na watoto wangu, sikuwahi kutoa hadithi jua linawaka. Nikafunga kitabu. Kumbe bosi alikuwa amesimama mlangoni. "Endelea," akasema, "na huyo akae kiti cha pembeni mpaka atulie." Kibarua chenyewe nilikuwa na miezi mitatu nacho. Nikamshika mtoto mkono, nikamkalisha pembeni, nikasoma mpaka mwisho huku nimejaa hasira.

Tangu siku ile mtoto hakufungua mdomo darasani. Maziwa, choo, kila kitu kwa kidole. Na yule mama, bila hata chembe ya aibu, akajaza fomu: mtoto mkaidi, ana tatizo la kusema, Septemba ahamishiwe darasa la watoto wenye kasoro. Nilipoiona ile fomu mezani kwake damu ilinichemka. Nikasema moyoni, wee mama, utanitambua!

Ijumaa wakaja wageni: wazazi, bibi wa yule msichana akiwa amemshika mkono, wafadhili, watu wa kanisani, chai na keki. Nilipangiwa niwasomee hadithi ileile. Nikavaa kitenge changu cha sikukuu, nikakaa mbele yao, nikafungua kitabu, nikakifunga.

"Hadithi hii haisimuliwi kiangazi," nikasema. "Mtoto huyu alituambia, akaadhibiwa. Sasa kwa kuwa amenyamaza, bosi wetu anataka kumhamisha."

Loo! Yule mama aliiva mpaka masikio. Nikamkazia macho, wala sikupepesa. Raha niliyoisikia, Mungu anisamehe, naisikia mpaka leo. Kabla chai haijapoa alikuwa ameichana ile fomu mbele ya bibi wa mtoto, anaomba radhi.

Walipokuwa wanaondoka nikamfuata bibi mlangoni. Sitaficha, nilitaka shukrani.

"Na kwenu mna hadithi za kungojewa?" akauliza.

"Tunazo, bibi. Sisi tunangoja usiku."

"Kwa hiyo siku ile ulijua."

Ulimi ulitaka kumtupia lawama yule mama kule ndani, kwamba ndiye aliyeniamuru. Nikanyoosha mkono nimuage mtoto, akarudi nyuma ya sketi ya bibi yake.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Nilijua."