Slaidi za Levina Zisizo na Kichwa

Levina alikuwa mtu wa dharau, na hakuificha. Alikuwa binti wa Kimoraviani wa Sikonge. Alisomea kompyuta, akapata kazi Tabora mjini katika chama cha wafugaji nyuki, na huko akamkuta Silasi, katibu wa chama, mtu ambaye hakuwahi kuona picha asitamani kuifunika kwa maneno.

Slaidi za Silasi zilijulikana. Juu kichwa cha habari chekundu, chini nembo tatu, na katikati kijipicha cha ukubwa wa stempu. Kisha husimama mbele ya watu wazima akawasomea kichwa kile kile walichokwisha kukisoma.

"Anatufanya watoto wa vidudu," Levina alizoea kusema, hata Silasi akiwa anasikia.

Levina mwenyewe alitengeneza slaidi kwa maandishi matupu. Aliandika faili la kawaida, lisilo na rangi wala urembo, na programu ikaligeuza kuwa kurasa. Mstari ulioanza na alama ya reli, yaani #, ulikuwa kichwa. Vistari vitatu vilifungua ukurasa mpya. Mara ya kwanza alipoweka picha bila kichwa, iling'ang'ania ukurasa uliotangulia, ikasinyaa chini ya maneno. Akaitenga kwa vistari vitatu, akaiagiza ijaze ukurasa. Ikatanda ukuta mzima bila neno. Alicheka peke yake.

Kiangazi kimoja, moto wa watu waliokuwa wakisafisha mashamba ya tumbaku ulivuka ukaingia kwenye misitu ya miombo ya Sikonge. Silasi aliripoti kwamba mizinga michache imeguswa. Hakuwa amefika huko, kwa kuwa vumbi la Sikonge huharibu viatu. Levina alikwenda, akamkuta Bibi Dafrosa, mfugaji wa miaka mingi, ameketi kwenye gogo jeusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kupiga picha majivu?"

"Ndiyo, bibi."

"Piga. Ila usinipige mimi nikilia."

Alipiga miti tu, na mizinga iliyopasuka kwa joto.

Ofisini Silasi alizikagua picha. "Kila moja iwe na kichwa. Hii andika 'Changamoto Ndogo Ndogo'."

"Katibu, huu ni msitu mzima umeungua."

"Slaidi isiyo na kichwa ni kuwakosea adabu wajumbe."

Levina alimtazama kama inzi aliyeangukia chai, akaandika alivyoagizwa. Asubuhi ya mkutano wa chama akafuta vichwa vyote.

Ukumbi ulijaa. Silasi alisimama, akabonyeza, na ukuta ukawa mweusi kwa miti iliyoungua. Alitafuta cha kusoma. Akatazama juu, akatazama chini. Akabonyeza tena: mzinga uliopasuka, mkubwa kuliko mlango.

"Hii ni... hapa tunaona..." alisema.

Mwenyekiti, mzee Benjamini, aliinama mbele. "Hapa ni wapi, katibu?"

Silasi hakujua.

Nyuma ya ukumbi Bibi Dafrosa aliinuka. "Ni kwangu," alisema. "Na hiyo ya kwanza ni kwa jirani yangu. Hakuna aliyekuja kutuona ila huyu binti."

Wafugaji wengine wakaanza kuinuka mmoja mmoja, kila mtu akitaja msitu wake. Hakuna aliyerudi kwenye ajenda. Kabla ya kutawanyika waliamua kwamba chama kichonge mizinga mipya, na njia za kuzuia moto zilimwe kabla ya kiangazi kingine.

Silasi hakuondolewa. Watu wa namna yake hawaondolewi. Alimwita Levina pembeni, akamwambia slaidi si kazi yake tena.

"Umenidhalilisha," alisema.

"Mimi nimeondoa maneno tu, katibu. Uliyebaki umesimama pale ni wewe."

Levina alihamishiwa Sikonge, kwa nia ya kumkomoa. Akaenda akiimba, na mwezi ule ule alikuwa juu ya mti akifunga kamba ya mzinga, Bibi Dafrosa akimfokea kutoka chini kwamba anaufunga kombo.