Antoinette Hatoki Uwanjani

Armel, muuza simu wa mtaa wa Overport na nahodha wa timu ya wahamiaji Wakongo, aliingia saluni ya mtaa wa Greyville amevaa shati lake la kanisani. Jumapili kulikuwa na mechi na Watanzania, na alitaka Antoinette, msusi aliyewahi kuwa mshambuliaji wa kulipwa, aje apige mpira wa kwanza.

"Kisha?" Antoinette akauliza, vidole bado kwenye nywele za mteja.

"Kisha unatoka, Maman. Tunakupigia makofi, unakaa pa kiti ya wageni. Iko heshima."

Antoinette alikubali upesi mno, na Armel, ambaye ujanja si fani yake, akaenda zake akichekelea.

Heshima hiyo alishaionja. Misimu sita alicheza Romania, kwenye mji ambao mpira ulichezwa hata theluji ikiwa imefika vifundoni. Alifunga mabao sitini na moja dhidi ya mabeki waliomvuta nywele kila refa alipogeuka. Alipofikisha miaka thelathini na tatu, klabu ikampa maua, ikamwanzisha mechi ya mwisho, ikamtoa dakika ya kwanza ili uwanja umshangilie. Miguu ilikuwa mizima kabisa, naye akatoka akitabasamu kama mjinga. Tabasamu lile hajalisamehe mpaka leo.

Jumapili alikuja na viatu vyake vya zamani. Akagusa mpira, makofi yakapigwa, Armel akamwonyesha kiti. Antoinette akakimbilia mbele, kwenye nafasi yake.

"Maman, sasa tuko kumi na mbili," Armel akanong'ona.

"Basi toa mwingine."

"Eish, Maman. Iko protocole tu."

"Protocole ilishanitoa mara moja. Sitoki tena."

Pandu, refa kutoka Unguja, akatazama saa. "Jamani, mmoja atoke tuanze."

Hakuna aliyesogea. Mwishowe Armel, uso umemshuka, akavua kitambaa cha unahodha na kwenda kukaa mwenyewe kwenye kiti cha wageni.

Walifungwa mbili bila. Antoinette alikosa bao la wazi, akagonga mwamba, akamtukana beki kwa Kiromania. Dakika ya themanini goti likavimba kama andazi. Armel alipunga mikono akitaka kumbadilisha; Antoinette hakumtazama hata kidogo, akaendelea kuchechemea.

Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wakainuka kumpigia makofi. Akanyoosha mkono mpaka wakanyamaza.

"Makofi muache," akasema. "Mniambie Jumapili ijayo tunaanza saa ngapi."