Sakafu ya Zahanati ya Ihanzwa

Helena Magesa hufungua zahanati ya Ihanzwa kabla wagonjwa hawajafika, na kazi yake ya kwanza ni kumwaga maji. Huyasukuma kwa ufagio kutoka chumba cha kujifungulia hadi mlangoni, kisha hukausha kwa gunia. Sakafu hiyo ya saruji sasa ina miaka mitatu na haina ufa hata mmoja. Nusura iwakoseshe wanakijiji zahanati yenyewe.

Ihanzwa ni kijiji cha wafugaji katika tambarare za Usangu, mkoani Mbeya. Wengi ni Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini kutafuta malisho. Mwaka 1976 ulipofika kwao mpango wa zahanati, masharti yalikuwa wazi: kijiji kifyatue matofali na kuyachoma, mkoa ulete bati, saruji, fundi, na mbao kutoka Mafinga. Jengo likipita ukaguzi linapewa dawa na mkunga. Lisipopita, mkunga anakwenda kijiji kingine, na wenyewe wangoje hadi mvua ziishe.

Kungoja hakukuwa jambo dogo. Mvua zikianza Usangu barabara huzama. Apolonia, wifi yake Helena, alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa ziangukie katikati ya mvua hizo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe uliokwama kwenye tope, njiani kwenda hospitali. Hakuishi.

Helena alikuwa amemaliza darasa la saba, na kijiji kilimchagua awe mhudumu. Ukaguzi ulipokaribia alitumwa Mbeya mjini kuchukua vitanda. Ufunguo alimwachia mama mkwe wake, Kashindye, mama mzazi wa Apolonia na kiongozi wa akina mama wa kijiji, akamwomba aliandae jengo vizuri kwa kuwa wageni wanakuja.

Kashindye aliangalia sakafu. Ilikuwa imemwagwa wiki ile ile, kijivu, tupu, inatoa vumbi. Kwao nyumba ya namna hiyo haipokei mgeni. Aliwaita wanawake wenzake, wakaleta mavi mabichi ya ng'ombe na udongo wa kichuguu, wakaisiriba zahanati nzima, vyumba vyote, kwa mkono. Walifanya kazi safi. Kila kiganja kiliacha nusu duara, na nusu duara zilipangana kutoka ukuta hadi ukuta.

Helena alirudi na lori la vitanda. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa mkaguzi mwenyewe, Ndugu Alawi, mwenyeji wa Mbeya mjini ambaye wazee wake walitoka pwani. Wanawake waliwapokea kwa vigelegele. Kashindye alifungua mlango, akasogea pembeni, akangoja kusifiwa.

Harufu ilitangulia. Alawi alisimama kizingitini, hakuingia. Aliuliza kwa upole ni nani aliyefanya kazi hiyo.

Mkamwana wa Kisukuma hamkosoi mama mkwe wake mbele ya wageni. Helena alijibu kwamba aliyeagiza jengo liandaliwe ni yeye.

"Ndugu Helena, sakafu nisiyoiona siwezi kuipitisha," Alawi alisema. "Na alasiri natakiwa kijiji cha pili."

Akaenda kukaa kwenye kivuli cha lori. Helena alitazama vyumba vile. Peke yake asingevimaliza hata kwa siku nzima, na wanawake wale walikuwa watu wa Kashindye. Alimwita kando, nyuma ya jengo, akapiga magoti.

"Mayu," alisema, kwa Kisukuma akimwita mama, "nyumba hii haisiribwi. Inaoshwa kwa maji. Kosa ni langu, sikukueleza."

Kashindye alitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na udongo kwenye kucha.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi serikali imetujengea ng'ombe. Anataka kunyweshwa." Aligusa ukuta wa jengo. "Apolonia atalala humu?"

"Atalala humu, Mayu, wakitupitisha."

Kashindye alirudi mbele akawaamuru wenzake wakachote maji. Walinung'unika. Mmoja alisema mgongo wake haujapona kazi ya jana, naye Kashindye akamjibu kwamba mgongo huo haujawahi kupona tangu aolewe. Walikwangua kwa vipande vya kibuyu ili wasiikwaruze saruji, wakamwaga maji, wakasugua, wakamwaga tena.

Alawi aliswali adhuhuri kando ya lori, kisha akarudi. Aligonga sakafu kwa fimbo chumba baada ya chumba, akisikiliza kama kuna mahali penye uwazi chini yake. Alimwaga kata ya maji na kuangalia yanakoelekea. Yalikwenda mlangoni.

"Saruji changa fundi huifunika kwa magunia yaliyolowa, isikauke haraka ikapasuka," alisema. "Ninyi mmeifunika kwa dawa ya kwenu." Wanawake walicheka, naye akacheka. Fundi aliyeulizwa baadaye juu ya dawa hiyo hakuisifu wala hakuipinga.

Kisha Alawi alieleza kwamba amekwisha kuona majengo mazuri ambamo mbuzi wamelala kwa kukosa mwenyewe, na kwamba hapa hana wasiwasi huo. Aliipitisha. Ila alitaka kibanda cha udongo kilichokuwa uani, cha ndugu wa wagonjwa kupikia, kitunzwe na akina mama kwa desturi yao.

Mkunga alifika kabla ya mvua. Apolonia alijifungua mtoto wa kike katika chumba cha mwisho, barabara ikiwa chini ya maji.

Kibanda cha uani husiribwa hadi leo, kwa nusu duara zile zile. Kashindye akimaliza hunawa mikono, huja hadi mlango wa zahanati na kuchungulia ndani. Asubuhi moja ya mwaka huu, Helena akiwa ameshika gunia la kukaushia, mama mkwe wake alinyoosha kidole kwenye kona ya chumba cha mwisho.

"Pale," alisema, "hajanywa."

Helena akarudi kuchota maji.