Hatua Thelathini na Moja Kutoka Kwenye Maegesho

Sisi watu wa Dodoma tuna adabu sana. Naomba hilo lieleweke kwanza, kabla mdomo wangu haujaanza. Dereva wa hapa anaweza kukuzibia njia, akazima gari, akashuka, akakuamkia vizuri, akakuuliza habari za nyumbani hadi za mifugo, akakupa pole kwa kukuzibia, kisha akaenda zake kula chipsi. Utapewa kila kitu isipokuwa njia.

Halafu kuna hazadi. Sijui nani alitufundisha kwamba taa zile zikishaanza kumetameta, sheria inakwenda likizo. Mtu anasimamisha gari mbele ya geti la hospitali, anabonyeza hazadi, basi, gari limeshabarikiwa. Nasema haya kwa uzoefu, maana na mimi nilikuwa wa ukoo huohuo. Miaka ile mama yangu akiwa bado na miguu yote miwili, niliwahi kupaki juu ya ule mchoro wa kiti mwendo mbele ya duka moja kubwa mjini, nikawasha hazadi, nikaingia kununua keki. Nilikaa humo nusu saa nzima nikibishana kuhusu rangi ya maua. Nilipotoka nilikuta mtu ananitazama vibaya, nikamshangaa: kwani huyu ana nini? Wanasema malipo ni hapa hapa duniani. Kweli, ila deni lilikuwa langu na aliyelipa ni mama.

Mama amelima zabibu Makutupora tangu sijazaliwa. Alijikata kidole cha mguu shambani, akakifunga kitambaa, akaendelea na kazi, kwa sababu mzabibu ukifika wakati wa kukatiwa hausubiri mtu apone. Alikuwa na kisukari na hakujua. Mpaka tunamfikisha hospitali, daktari alikuwa hazungumzii tena kidole. Walimkata mguu chini kidogo ya goti.

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alikuwa chuo. Alilia, akataka kuacha masomo aje kumuuguza. Mama akamfukuza kwa ukali. "Rudi shule. Siku ya mahafali yako nitakuja," akamwambia. Hakusema atakuja vipi. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti mwendo, na mdogo wangu aliondoka na picha hiyo kichwani.

Mguu wa bandia ulipatikana mdogo wangu akiwa fildi, kwenye mafunzo ya vitendo, mkoa mwingine. Siku hiyohiyo mama aliniita ndani, akafunga mlango kama mtu anayetaka kutoa siri ya serikali. "Nitaingia kwenye mahafali ya mwanangu kwa miguu yangu. Na wewe, huo mdomo wako, usimwambie." Nikaapa.

Tulikwenda kuuangalia ukumbi mapema, siku ya kazi, pakiwa hapana watu. Karibu na mlango palikuwa na nafasi mbili za walemavu, zimechorwa vizuri kwa rangi ya buluu, na kibao juu. Tukahesabu. Kutoka pale hadi mlangoni, kwa mwendo wa mama, hatua thelathini na moja. Nafasi nyingine zote zilikuwa chini huko, karibu na geti, na kutoka huko ni kokoto tupu na mpando. Hata kumshusha njiani nyuma ya buluu haikufaa: kokoto zilifika hadi hapo, sakafu ya kukanyagika ilianzia kwenye buluu zenyewe. Fundi aliyemtengenezea mguu alikuwa ametuonya: zikizidi arobaini kigutu kitachubuka, na kidonda kwa mtu wa sukari wote tunajua kinaishia wapi. Kwa hiyo haikuwa suala la kupenda kivuli. Akipata nafasi ile anatembea, akiikosa hatembei.

Miezi minne alifanya mazoezi uani. Tulifunga kamba kati ya nguzo mbili tulizotoa kwenye shamba la zabibu, urefu wa hatua thelathini na moja, na kila asubuhi alikwenda na kurudi, akipumzika katikati ya safari na safari. Alishika fimbo mkono mmoja. Mimi nilikatazwa kumgusa. "Ukinishika nakuchapa na hiihii," aliniambia, na kwa kuwa namfahamu mama yangu, nilikaa mbali. Wiki ya kwanza alifika hatua sita akakaa chini akatukana kwa Kigogo. Wiki ya mwisho alimaliza kamba yote, akageuka, akaniuliza kama chai imeiva.

Siku yenyewe tulifika saa nzima kabla. Mama alikuwa na gauni refu la kitenge na viatu vipya pea nzima, jambo ambalo lilimfurahisha kuliko gauni. Jua lilikuwa lile la Novemba ambalo halina huruma na mtu. Tukakata kona ya ukumbi, nikaona buluu zote mbili zimekaliwa.

Nafasi ya kwanza ilikuwa na shangingi la bosi, limerudishwa kinyumenyume, pua inatazama geti. Wanaojua kazi hiyo wanaelewa: bosi akitoka mlangoni, gari liwe tayari limeshamtazama aendako, asije akaungua na jua hatua tatu. Injini inaunguruma, kiyoyozi kinampoza dereva peke yake. Nafasi ya pili ilikuwa na gari jeupe linalong'aa, hazadi zinametameta. Limeshabarikiwa, nikasema moyoni.

Nikashuka. Mama naye akashuka, akasimama kashika mlango wa kigari changu.

Dereva wa shangingi alikuja mbio. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole sana mama na jua hili."

Nikamwambia tunaomba nafasi, mama ni mlemavu. Alisikitika! Sijawahi kuona mtu anasikitika vizuri namna ile. "Dada yangu, ingekuwa ni gari langu ningetoa sasa hivi. Lakini bosi akitoka asinikute hapa, mimi nimekwisha." Bosi mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameingia, na sherehe ilikuwa ya muda wa saa nne nzima. Akamletea mama chupa ya maji baridi. Akauliza kama tungependa na kiti cha plastiki. Nafasi, hapana.

Mwenye gari jeupe hakushuka. Alikuwa ndani ya suti, akashusha kioo kidogo, kiasi cha kupitisha maneno. "Dakika mbili tu, namsubiri mtu wa maua." Nikamwambia dakika mbili za hazadi nazijua zinavyokuwa. Ndipo akamtazama mama kuanzia kilemba hadi viatu vipya. "Kwani huyo mlemavu yuko wapi? Mama huyu mbona mzima kabisa, kasimama hapo. Tusidanganyane, dada."

Nikamgeukia mlinzi. Mzee wa watu, Mgogo mwenzetu, alimwamkia mama "Mbukwa" kwa heshima zote, akaniambia: "Mwanangu, mimi nimepewa kulinda magari yasiibwe. Nani kapaki wapi, hilo sijapewa. Halafu wenye nafasi hizo huwa hawaji. Tangu nianze kazi hapa sijaona mlemavu akapaki."

Loo! Hawaji. Nafasi zimejaa kila siku, halafu wao ndio hawaji.

Basi madereva wengine wakasogea, maana sisi tukikutana watatu tayari ni kikao. Mmoja akashauri tuandike jina la bosi atafutwe kwa utaratibu. Mwingine akauliza kama mama ana kitambulisho cha ulemavu. Kitambulisho kilikuwa nyumbani, kwenye mkoba wa zamani. "Sasa dada, bila kitambulisho, na mama anaonekana anatembea, mtu atajuaje?" Na wote wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakampa mama pole, mmoja baada ya mwingine. Walimpa pole mpaka nikahisi damu inapanda kichwani.

Mama aliniambia polepole, "Tusubiri. Kuna saa nzima." Alikuwa mtulivu kuliko sisi wote. Lakini mdomo huponza kichwa, na mimi mdomo wangu haujawahi kumsubiri mtu.

"Mama," nikasema kwa sauti, wasikie wote, "waonyeshe!"

Alinitazama. Najua sasa lile jicho lilisema nini, ila wakati ule nilikuwa nawatazama wao. "Waonyeshe mguu, mama! Si wanataka kitambulisho?"

Akakaa pembeni ya kiti cha gari, akapandisha gauni, akabonyeza kitufe cha pembeni kinachoufungua mguu, akauvuta ukatoka. Mimi nikaupokea, nikaenda nao hadi kwenye shangingi, nikauweka juu ya boneti, na kiatu chake kipya. "Haya," nikasema, "kitambulisho hicho. Kagueni."

Sitasema uongo, nilifurahi. Kikao chote kilikosa ajenda. Mwenye suti aliruka nje ya gari akisema "Jamani mama, sikujua, samahani sana mama," akarudi ndani, akaondoka na hazadi zake bado zinawaka. Na dereva wa shangingi, yule ambaye angekwisha, akanirudishia mguu kwa mikono miwili na kuondoa gari bila kumpigia mtu simu. Kumbe inawezekana! Nafasi zote mbili zikawa wazi. Nikaingiza kigari changu katikati ya buluu, nikakipinda makusudi kikalie zote mbili, ili kieleweke.

Ndipo nikamgeukia mama, nikamkuta anahangaika na mguu.

Haukuingia. Fundi alituambia wazi siku ya kwanza: kwenye joto, ukiuvua mguu ukiwa umeshauvaa muda mrefu, nyama inavimba, na hutaurudisha mpaka ulale uinue kigutu upumzike. Nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Tukajaribu. Tukamwagia yale maji baridi ya dereva, tukabadilisha soksi ya kigutu, nikasukuma, akasukuma. Ndani bendi ikaanza kupiga, wahitimu wakawa wanapanga mstari. Tukajaribu mara ya tatu, nikaona soksi imeanza kupata doa jekundu. Mama akaniondoa mikono.

"Acha," akasema.

Na madereva wetu, walivyo na adabu, hawakuweza kuona mama anahangaika. Kile kiti cha plastiki kikaja. Wakamkalisha, wanne wakakinyanyua, dereva wa shangingi mbele kulia, na yule wa suti, ambaye sasa alikuwa amepaki kule chini getini, akarudi mbio kuwatangulia akipaza sauti: "Pisheni! Pisheni mlemavu apite!" Yeye ndiye aliyekuwa hamwoni.

Walimpitisha mlangoni, wakampandisha hadi safu ya mbele. Watu wakapiga vigelegele. Simu zikainuliwa. Mshereheshaji, ambaye hakujua lolote, akashika kipaza sauti: "Ndugu zangu, tuwapigie makofi vijana hawa! Huu ndio utu wetu Watanzania!" Makofi yakatikisa ukumbi. Mama alishika mikono ya kiti, akatazama mbele, na uso wake sikuweza kuuangalia kwa zaidi ya mara moja. Mimi nilikuwa nyuma, nimeuviringisha mguu kwenye kitenge, nimeukumbatia. Nilitaka kulia nikashindwa, kwa sababu ningeulizwa nalia nini.

Baada ya vyeti, mdogo wangu akaja mbio na joho lake, kofia imekaa upande. Akapiga magoti mbele ya mama, akamkumbatia kiunoni, wakalia wote. "Mama, umekuja kweli!" alikuwa anasema. "Nilijua hutaweza, na umekuja." Kisha akamwona dereva wa shangingi amesimama ukutani akitabasamu, akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kaka, asanteni sana. Bila nyinyi mama yangu asingeingia humu."

"Usijali dada," dereva akajibu. "Mama huyu ni mama yetu sote."

Nikafungua mdomo. Mama akanishika kifundo cha mkono, akaminya kwa nguvu, ile mikono ya kukata mizabibu. "Kweli," akamwambia mdogo wangu, "vijana hawa wamenisaidia sana."

Mdogo wangu akafuta machozi, akanigeukia kwa furaha kutaka tupige picha. "Dada, weka mzigo chini basi. Umebeba nini humo?"

"Mwavuli," nikasema.

"Jua la leo lilikuwa kali," mama akasema, akasogea ili nami nipate nafasi kwenye picha.